Jiwe la Geita Mbele ya Mwale wa Nyutroni

Chukua mwamba wa Nyarugusu, mkoani Geita, wenye gramu tano za dhahabu kwa tani. Gramu 50 zinazopelekwa maabara kuyeyushwa kwa kipimo cha moto zina mikrogramu 250 tu za dhahabu. Punje moja yenye kipenyo cha milimita 0.3 ina uzito wa mikrogramu 270 hivi. Punje hiyo ikiangukia kwenye sampuli, maabara itaandika gramu tano na ushee. Ikibaki kwenye gunia, itaandika karibu na sifuri. Fundi wa maabara hana kosa katika majibu yote mawili. Kosa liko kwenye karasha na koleo, kwa aliyechota mawe kabla hayajasagika na kuchanganyika vya kutosha.

Naanza na koleo kwa sababu vituo vikubwa vya utafiti wa nyutroni navyo hufaulu au hukwama hapo hapo. Watu huvisifu kwa mitambo. Ukichambua uendeshaji wake, unakuta kazi nzito imefanyika kabla sampuli haijafikishwa mbele ya mwale.

Mfano uliokomaa kuliko yote ni Taasisi ya Laue-Langevin ya Grenoble, iliyoanzishwa na Ufaransa na Ujerumani mwaka 1967, Uingereza ikajiunga mwaka 1973. Kinu chake cha nyuklia cha megawati 58 huwashwa kwa mizunguko ya takriban siku 50, na pembeni yake kuna vyombo vya kupimia vipatavyo 40. Wanasayansi wanaovitumia wengi ni wageni. Mara mbili kwa mwaka hupeleka maombi, kamati za wanasayansi wenzao huyapima, na anayekubaliwa hupewa siku chache tu. Siku hizo zinahesabiwa usiku na mchana, kwa kuwa kinu hakimsubiri mtu alale. Data ni ya mgeni kwa miaka mitatu, kisha hufunguliwa kwa wote. Utaratibu huu naupenda: unamlinda mtafiti mdogo asinyang'anywe jasho lake, na unamzuia mkubwa asilikalie.

Afrika nayo ina historia yake. Kinu cha kwanza barani, TRICO, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Mrithi wake, TRICO II, hakijafanya kazi tangu mwaka 2004. Kwa mtafiti wa Geita au Shinyanga mlango ulio karibu zaidi ni SAFARI-1, kinu cha megawati 20 kilichoko Pelindaba, Afrika Kusini, kilichowashwa mara ya kwanza mwaka 1965. Kinu hicho hujipatia riziki kwa kutengeneza isotopu za hospitali, hasa molibdenamu-99. Mwanasayansi wa mwale anakula meza moja na biashara hiyo, na ratiba ya biashara ndiyo inayotangulia. Sioni ubaya wowote. Kinu chenye mteja wa kudumu hubaki kimewaka, na mgeni hupata nyutroni ambazo peke yake asingeweza kuzilipia.

Sasa ombi litoke Geita. Ombi baya lingesema: tunataka kujua mwamba huu una gramu ngapi kwa tani. Kamati italikataa, na itakuwa na haki. Mtawanyiko wa nyutroni huonyesha jinsi atomu zilivyojipanga na aina za madini zilizomo katika kipande kizima; chembe tano kati ya milioni hazionekani humo. Ombi zuri linauliza dhahabu imefungwa wapi. Je, imekaa kwenye nyufa za kwatzi, au imezama ndani ya pairiti? Mchenjuaji anayepoteza dhahabu kwenye marudio, yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kuchenjuliwa, anahitaji jibu la swali hilo, kwa sababu zebaki haiwezi kushika punje iliyofungiwa ndani ya pairiti.

Picha za nyutroni zinafaa kwa swali la namna hii kutokana na tabia ya dhahabu yenyewe. Atomu moja ya dhahabu humeza nyutroni za kawaida mara zaidi ya 500 kuliko atomu ya silikoni. Kwatzi huacha mwale upite kama haipo, na punje ya dhahabu, ikiwa kubwa vya kutosha, huacha kivuli. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayomtia msimamizi wa kituo kazini. Dhahabu ikishameza nyutroni hugeuka dhahabu-198, yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila baada ya siku 2.7. Kufikia sehemu moja ya elfu kunachukua siku 27. Kwa hiyo mgeni huondoka na data, jiwe linabaki kwenye kabati la risasi hadi lipimwe na kuruhusiwa. Mwamba uliopita kwenye mialo ya kuchenjulia kwa zebaki una tatizo kubwa zaidi: zebaki humeza nyutroni karibu mara nne ya dhahabu, hivyo mabaki yake yanaharibu picha, na moja ya isotopu zinazozaliwa humo hupungua nusu kwa siku zisizopungua 46. Anayeficha kwamba sampuli yake imeguswa na zebaki anawaletea wenyeji hatari, na anajiharibia kipimo. Maji nayo yana kisa chake, maana haidrojeni hutawanya nyutroni ovyo. Jiwe likaushwe.

Haya yote mgeni hujulishwa na mtu mmoja, mwanasayansi mwenyeji wa chombo. Ndiye anayesoma ombi kabla ya kamati, anayesema sampuli ikatwe unene gani, anayekaa na mgeni usiku wa kwanza. Kwa maoni yangu cheo hicho ndicho kinachobeba kituo. Kituo chenye mitambo mizuri na wenyeji wachache hutoa data nyingi zisizosomeka.

Kwetu, kutumia mtambo kwa pamoja si jambo geni. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lilijenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente ili wachimbaji wadogo walete mawe yao kwenye mtambo usiotegemea zebaki. Bulyanhulu, wilayani Kahama, kumewekwa maabara inayopima dhahabu kwa miale ya eksirei yenye nguvu kubwa. Kopo lake huchukua takriban nusu kilo ya mwamba, mara kumi ya kipimo cha moto, na dhahabu iliyochangamshwa hupungua nusu kwa sekunde zisizofika nane, hivyo kopo hurudishwa siku hiyo hiyo.

Ombi la kwanza la Geita kwenda Pelindaba ningelitaka liwe dogo: vipande viwili vya mwamba uliotobolewa na drili, vikavu, ambavyo havijawahi kugusa zebaki, kila kimoja kimepasuliwa kwa urefu. Nusu moja isagwe na kupimwa hapa nchini. Nusu nyingine iende na kibali cha Tume ya Madini, na mapatano ya urejeshaji yaandikwe na Tume ya Nguvu za Atomu kabla jiwe halijavuka mpaka.