Nyumba ya Gilbert, Antigua

Historia ya Umethodisti katika visiwa vya Karibi kwa kawaida huanzia nyumbani kwa bwana shamba, nami naona hapo ndipo inapopotoka. Nathaniel Gilbert, mwenye shamba la miwa na Spika wa Baraza la Antigua, alimsikia John Wesley huko Wandsworth, Uingereza, mwaka 1758. Mwaka huo huo Wesley aliwabatiza watumwa wake wawili. Aliporudi kisiwani, Gilbert akaanza kuwahubiria watumwa nyumbani mwake. Ulihitajika ujasiri, sikatai. Lakini ibada ilipokwisha, waliosali pamoja naye walibaki kuwa mali yake.

Gilbert alifariki 1774, mwaka ule ule Wesley alipochapisha kijitabu chake cha kupinga utumwa. Hapakuwa tena na mhubiri. Wanawake wawili wenye asili ya Kiafrika, Mary Alley na Sophia Campbell, ndio waliowakusanya watu kwa maombi mpaka 1778, alipofika John Baxter, fundi wa meli. Miaka minne!

Ungamo letu la Augsburg, ibara ya 7, linasema Kanisa ni kusanyiko la watakatifu, Injili inapofundishwa kwa usafi na sakramenti kutolewa sawasawa. Mlutheri mwenzangu atanikumbusha kwamba akina mama hao hawakuwa na mchungaji wa kuwapa Meza ya Bwana. Ni kweli. Ila Baxter hakukuta jengo tu. Alikuta watu wanaosali. Mwanafunzi akiniuliza habari za Antigua, nitaanza na Mary na Sophia, kisha ndipo nimpeleke kwenye nyumba ya Gilbert.