Sala Inayotusimamisha Shambani: Kuitazama Upya Malaika wa Bwana

Wakatoliki wengi wa Nachingwea na Ruangwa tunaijua sala ya Malaika wa Bwana kwa moyo. Tuliipokea tukiwa watoto, kabla hatujajua maana ya maneno yake. Hapo ndipo penye hatari: kitu unachokijua kwa moyo huachi kukisema, ila waweza kuacha kukisikia. Basi tuisikilize upya, tuone imejengwaje, inatudai nini, na inaishia wapi.

Umbo lake ni jepesi. Ina sehemu tatu, na kila moja hufuatwa na Salamu Maria. Katika ya kwanza malaika analeta habari. Katika ya pili Maria anakubali. Katika ya tatu Neno anatwaa mwili. Kisha ombi la mwisho linatutoa Nazareti na kutupeleka kwenye mateso, msalaba na ufufuko. Kwa dakika chache tumepita fumbo lote la wokovu wetu. Mwaka 1974, katika wosia wake wa kitume Marialis Cultus, Papa Paulo wa Sita aliona kwamba sala hii haihitaji kurekebishwa, akiusifu wepesi wake na mizizi yake katika Biblia. Aliona sawasawa. Hata bibi asiyejua kusoma anaibeba yote kichwani akienda kisimani.

Lakini nguvu ya sala hii haiko katika maneno peke yake. Iko pia katika saa zake: asubuhi, adhuhuri na jioni. Imetungwa ili itukatize. Mtu anapalilia, anapepeta ufuta, anaokota korosho. Kengele inalia, anaweka jembe chini. Hapo anakiri kwamba siku si mali yake. Majirani zetu Waislamu hutufundisha jambo hili kila siku: adhana ikitoka, wengi huacha biashara wakaenda kuswali. Sisi je? Mara nyingi tumeifanya Malaika wa Bwana kuwa sala ya kufungulia kikao, tena tunaikimbiza ili tufike kwenye ajenda. Sala iliyowekwa ili isimamishe kazi imekuwa mwanzo wa kazi nyingine.

Tazama neno moja, mtumishi, ambalo Maria analitumia kujieleza. Siku hizi mtumishi kwetu ni mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, au mhubiri mwenye jina kubwa. Maria hakuwa na mshahara wala jina. Alijitoa kabla ya kujua gharama yote. Tukilisema neno hilo haraka, tunabaki na cheo na kupoteza utii.

Na hapa ndipo sala inapotuuma. Sehemu ya tatu, ambayo wengi huinama au hupiga goti wanapoisema, inatangaza kwamba Mungu alitwaa mwili akaishi kati ya majirani. Kama ni hivyo, gunia la korosho na mzani haviko nje ya imani. Twajua kangomba ni nini: jirani amebanwa na ada ya mtoto au ugonjwa, nasi tunanunua korosho zake pembeni kwa bei ya kumnyonya, tukingoja kuziuza kwa bei ya mnada. Anayepiga goti saa sita mchana na kufanya hivyo saa saba, sala yake imefika magotini tu.

Je, kosa ni la sala? Kwa sehemu, sala hii ina mpaka wake. Haiombi mkate wa leo, wala haitaji deni tunalopaswa kusameheana. Mtu akiitegemea peke yake anaweza kubaki na uchaji mtamu usiomgusa jirani. Inahitaji Baba Yetu pembeni yake, Neno la Mungu katika jumuiya ndogo ndogo, Kitubio, na Misa. Ni uzi unaounganisha saa za siku. Si nguo nzima.

Hata hivyo uzi huo tusiukate. Wengi wetu tunaishi mbali na kengele ya parokia, na vigango vingine padre hafiki kila Dominika. Sala hii haimngoji padre wala kengele. Jua likiwa utosini, simama chini ya mkorosho, vua kofia, iseme polepole. Baada ya kila sehemu nyamaza kidogo. Kipindi cha Pasaka weka Malkia wa Mbingu mahali pake, kama Kanisa linavyotuelekeza. Kisha kabla hujashika tena jembe au mzani, jiulize swali moja: ni nani atakayekutana nami mchana huu, na Neno aliyetwaa mwili anataka nimtendee nini?

Ukiweza kulijibu, hapo umesali.