Filamu ya Mapenzi Yenye Siri: Namna ya Kuipima

Filamu ya mapenzi yenye siri hupimwa kabla siri haijatoka. Wengi husubiri dakika ya kufichuka, machozi yakimwagika na mlango ukibamizwa, kisha wakasema ni nzuri. Dakika hiyo ni rahisi, hata mtunzi goigoi huiweza. Kazi ngumu iko nyuma yake, katika kila onyesho ambalo mtu anapendwa huku akijua kuna jambo hajalisema.

Watu wa Nunguni wana jicho zuri la kazi hii. Huku juu kwenye vilima vya Kilungu mgeni haulizwi jina tu. Huulizwa kwao ni wapi na yeye ni wa nani. Swali hilo ndilo lililoendesha tamthilia nyingi za mapenzi za sinema ya Marekani ya mwanzo. Chukua Way Down East ya D. W. Griffith, filamu ya mwaka 1920 isiyo na sauti. Anna Moore, anayeigizwa na Lillian Gish, analaghaiwa kwa ndoa ya bandia na tajiri Lennox Sanderson, anazaa, mtoto anafariki. Anaomba kazi katika shamba la mzee Bartlett, na David, mwana wa nyumba hiyo, anampenda. Sanderson ni jirani, anaingia na kutoka humo kama mtu wa heshima.

Basi uliza kwanza: nani anaijua siri, na tangu lini? Griffith ametuambia mapema, kwa hiyo kila Anna anapotendewa wema katika nyumba ile sisi ndio tunaoumia. Anna Christie ya Clarence Brown (1930), filamu ya kwanza ambamo Greta Garbo alisikika akisema, inapita njia nyingine. Anna anamfungulia moyo Marthy, mama mlevi waliyekutana baani, kuhusu ukahaba aliopitia, kabla hata hajaonana na babake waliyetengana miaka mingi. Mtu baki anajua. Baba hajui, wala Matt, baharia atakayempenda baadaye. Nayo Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya (2016) inatunyima hata hilo. Kaleche anazinduka nyikani hakumbuki kitu, anaambiwa amekwisha kufa, na Thoma anayempokea anajua mengi kuliko anayoyasema. Tunapapasa pamoja na Kaleche. Filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kule Toronto mwaka huohuo, na mimi naiona imestahili kwa subira hiyo.

Siri iliyotungwa vizuri hufanya kazi kama matuta ya fanya juu kwenye miteremko yetu: huyashika maji yakazama taratibu. Pasipo tuta, mvua ya kwanza tu, udongo wote uko bondeni.

Kisha utazame mwili wa mwigizaji. Mwigizaji dhaifu huonyesha siri kwa kuinamisha macho na kupumua kwa nguvu, kila mara, mpaka unajiuliza mbona wenzake hawamshuku. Mwenye siri ya kweli hujitahidi aonekane hana. Gish hana sauti ya kumsaidia, basi mtazame mabega na mikono Sanderson anapokuwapo na anapokuwa ameondoka. Watu husifu zaidi onyesho la barafu, anapobebwa na mto kuelekea maporomoko. Sehemu yake ilipigwa Vermont katika baridi ya kweli, naye Gish aliuacha mkono wake na nywele vikiburuzika majini. Ni ushujaa mkubwa. Hata hivyo kilele kwangu kiko ndani ya nyumba, pale mzee Bartlett anapomfukuza, na Anna anageuka na kumnyooshea kidole yule mgeni wa heshima aliyeketi mezani.

Siri ikishatoka, hamisha macho kwa anayeisikia. Hapa ndipo nyingi zinapoanguka: mpenzi husamehe haraka kwa sababu filamu imekaribia mwisho. Katika Anna Christie, Matt anachukia, anaondoka, anarudi, na bado anadai kiapo juu ya msalaba aliopewa na mamake. Mkamba aliyesikia wazee wakitaja kithitu, kiapo cha jadi, anajua kiapo si jambo la kumalizia mazungumzo. Mimi dai lake linaniudhi, kwa sababu yeye haulizwi alikopita. Anna naye halinyamazii hilo; anawaambia wanaume wote wawili, baba na mpenzi, kwamba hakuna anayemmiliki. Filamu inayouona upungufu huo wa haki iweke daraja la juu.

Angalia pia mwaka. Kuanzia 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni ya maadili, na mwanamke mwenye maisha ya nyuma kama ya Anna Christie aghalabu ilibidi aadhibiwe. Usiupime mwisho wa filamu hizo kana kwamba mtunzi alikuwa huru.

Na hawa madijei wanaosimulia juu ya filamu inapoonyeshwa? Mtindo aliovuma nao DJ Afro huzipa uhai filamu za ngumi na risasi, nami naufurahia. Lakini katika filamu ya siri, kimya ni sehemu ya maandishi. Kikijazwa maneno, mtazamaji ananyang'anywa nafasi ya kumshuku Thoma kwa akili yake mwenyewe.

Way Down East haina tena hakimiliki Marekani na inapatikana bure mtandaoni. Itazame mara mbili. Mara ya pili mfuate David peke yake, uone kama anamwamini Anna kabla hajajua lolote, au anampenda tu.