Keneli ya Linux Hairidhiki na Chipu Moja

Umeme unaporudi Katesh wilayani Hanang au Dongobesh wilayani Mbulu, ruta huwaka na sekunde chache baadaye programu zake hudai funguo za siri. Ufunguo hutokana na namba nasibu, lakini kompyuta hufuata amri tu, haina bahati yake yenyewe. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huokota unasibu kwenye nyakati za matukio: kibonyezo cha kibodi, mwendo wa diski, pakiti za mtandao. Ruta iliyowashwa sasa hivi haina kibodi wala diski, na mtandao bado haujaamka. Hapo ndipo hufaa chipu inayozalisha namba nasibu kutokana na misukosuko ya umeme ndani ya sakiti yake. Hoja yangu ni kwamba Linux imepata jawabu sahihi: kuitumia chipu hiyo daima, bila kuitegemea peke yake.

Pengo la sekunde hizo si la kufikirika. Mwaka 2012, mtafiti Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za vifaa vya intaneti duniani kote, wakaweza kupata funguo binafsi za RSA za asilimia 0.5 ya mashine zilizotumia TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano ya intaneti. Ufunguo wa RSA hujengwa kwa namba tasa mbili. Vifaa viwili vilivyoamka katika hali ileile vilichagua namba tasa ya kwanza inayofanana, kisha tukio dogo likatenganisha ya pili. Basi kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha funguo hizo mbili kulitosha kuzifungua zote. Wengi wa waathirika walikuwa ruta na vifaa vidogo vya namna hiyo. Mwaka huohuo keneli ilirekebishwa ili ikusanye matukio kwa wingi zaidi tangu mwanzo.

Mwaka 2013 nyaraka za Edward Snowden, mfichuaji wa siri za majasusi wa Marekani, zilitia shaka viwango vya usimbaji vya Marekani, na watu wakamtaka Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aiondoe kabisa RDRAND, amri ya Intel ya kuomba namba kwenye chipu. Alikataa. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, nayo haikuiacha chipu, ila iliamua namba zake zipitie kwanza kwenye Yarrow, mbinu ya kuchanganya vyanzo vya unasibu. Mantiki ni ya meza ya karata: karata zikichanganywa na watu wanne, akiwamo mmoja mwaminifu ambaye mikono yake haikuonekana, mpangilio haujulikani hata kama watatu ni matapeli. Wapinzani walikuwa na hoja nzito kuliko walivyosikilizwa, kwa sababu wakati ule Linux iliingiza namba ya chipu mwishoni kabisa, na chipu iliyochungulia kazi ya wengine ingeweza kuifuta. Mpangilio ukabadilishwa ili chipu iingie kabla ya hesabu ya hash, yaani hesabu inayosaga viingizo vyote pamoja. Mwaka 2022 Jason Donenfeld, mtunzaji wa sehemu hiyo ya keneli, akaiondoa hash ya SHA-1 katika kazi hiyo na kuweka BLAKE2s. Na wala chipu haihitaji njama ili ikosee: mwaka 2019 baadhi ya prosesa mpya za AMD zilirudisha jibu lilelile kila zilipoombwa namba nasibu, huku zikidai mambo ni shwari. Programu zilizoisoma chipu moja kwa moja zilikwama. Mchanganyo wa keneli ulipoteza chanzo kimoja tu.

Limebaki swali la lini keneli itangaze kuwa iko tayari kutoa namba. Toleo la 4.19 la mwaka 2018 lilimwachia anayeijenga keneli aamue kama neno la chipu linatosha. Mwenye hofu ya majasusi atachagua kusubiri matukio ya kutosha, lakini mwaka 2019 kusubiri huko kuligandisha baadhi ya mashine zikiwaka, hadi toleo la 5.4 likaanza kupima mitetemo midogo ya muda ndani ya prosesa yenyewe. Kwa zahanati ya Mbulu ambayo ruta yake huzimika kila umeme ukikatika, naona ufunguo unaokisiwa ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko mlango wa siri wa mtengenezaji. Kwa hiyo, wewe unayenunua vifaa vya ofisi ya umma Hanang au Mbulu, uliza toleo la keneli kabla ya kulipa. Likiwa la kabla ya marekebisho ya 2012, kikatae kifaa hicho. Kama kifaa tayari kiko ukutani, kiache kifanye kazi siku nzima, kisha ufute funguo kilizotengeneza siku ya kwanza na ukiamuru kitengeneze nyingine.