"Thou" Si "Wewe" Tu: Kumsoma Shylock Kutoka Kyela

Wanafunzi wengi tukikutana na neno "thou" katika The Merchant of Venice tunakimbilia faharasa nyuma ya kitabu. Tunaambiwa ni "wewe" la kizamani, basi, tunafunua ukurasa unaofuata. Makala haya yanapinga usomaji huo.

Enzi za Shakespeare, "you" lilikuwa la wingi, na pia la heshima kwa mtu mmoja. "Thou" aliambiwa mtoto, mtumishi, mpenzi, Mungu, au mtu unayetaka kumdhalilisha. Mtu wa Kyela hahitaji faharasa hapo. Kijana humwamkia mwenzake "ugonile". Akikutana na mzee, hata kama mzee huyo yuko peke yake kwenye njia ya Matema, husema "mugonile", kwa wingi. Akikosea, ataonekana hakulelewa.

Sasa tumtazame Shylock. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la tatu, Antonio anakuja kukopa dukati 3,000. Shylock, aliyetemewa mate na kuitwa mbwa, anamlalamikia kwa "you". Antonio, hasira zikimpanda, anamrushia "thou": ati atamtemea tena. Mkopaji huyo! Lakini fika sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Antonio yuko mikononi mwa askari jela, na siku ya kulipa imepita. Shylock anamkumbusha lile tusi la mbwa, na safari hii ni yeye anayesema "thou". Kisu bado hakijatoka, lakini Antonio ameshavuliwa ubwana wake.

Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, jina lenyewe lilikuwa uhakiki wa kitabaka: wafanyabiashara wamekuwa mabepari. Ila kwa viwakilishi, Kiswahili sanifu hakikumsaidia. Kiambishi "u-" kinamtosha mfalme na mtoto; heshima tunaibebesha "bwana", "mzee" na "shikamoo". Labda lile "we!" la mkato, la ugomvi wa sokoni, lingefaa mahali pamoja au pawili. Simlaumu Mwalimu. Nawalaumu wenzangu tunaoziacha lugha za nyumbani nje ya darasa la fasihi, kana kwamba hazina la kumwambia Shakespeare.

Kwa Kinyakyusa, Shylock angebadilisha kiambishi kimoja tu mbele ya kitenzi, na hadhira ya Ipinda ingeguna kabla hajamtaja mbwa.