Heshima kwa Wazazi katika Vitabu vya Wachina

Hapana mtu wa Makambako asiyeijua reli ya TAZARA. Wachina walianza kuijenga pamoja na watu wetu mwaka 1970, ikakabidhiwa mwezi wa Julai 1976, nayo ina urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia. Kipande kilichowatesa kuliko vyote ni kile cha kati ya Makambako na Mlimba, penye madaraja mengi na njia zilizotobolewa ndani ya milima. Husikia watu wakiisifu bidii ya wageni wale. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza walifundishwa nini nyumbani kwao, walipokuwa wangali watoto.

Katika Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina zaidi ya sitini, na wengi wao ni watu wa reli hiyo. Mwanzo wa Aprili, wakati wa sikukuu yao ya kufagia makaburi, wenzao huenda huko na maua. Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nivisome vitabu viwili vya kwao vinavyofundisha wajibu wa mtoto kwa wazazi, nami naomba nafasi niseme nilivyoviona. Kimoja nimekipenda kwa sehemu kubwa. Cha pili kina hadithi moja ambayo nisingependa mtoto ye yote aisome bila mtu wa kumwongoza.

Wachina wana neno xiao, nalo ni ile heshima na huduma ambayo mtoto anawiwa na wazazi wake. Alama yake huandikwa kwa sehemu mbili: juu ni kipande cha alama ya mzee, chini ni alama ya mtoto, kana kwamba mtoto amembeba mzee mgongoni. Kitabu cha neno hilo huitwa Xiaojing. Ni kidogo mno, sura 18 tu, alama zake zote hazifiki 2,000. Kimetungwa kama mazungumzo ya Confucius, aliyeishi miaka 551 mpaka 479 kabla ya Kristo, na mwanafunzi wake Zengzi, ijapokuwa wataalamu wengi hawaamini kwamba Confucius alikiandika kwa mkono wake. Fundisho lake la kwanza ni kwamba mwili wetu, hata nywele na ngozi, tumepewa na wazazi, basi kuulinda usidhurike ndio mwanzo wa kuwaheshimu. Nilipofika hapo niliwakumbuka wale wa Gongo la Mboto. Kwa kijana aliyelelewa katika fundisho hilo, kufa mbali, pasipo kuwazika wazazi wake wala kuzikwa karibu nao, si msiba mmoja bali ni miwili.

Kuna jambo katika Xiaojing lisilonipendeza. Kitabu hugawa wajibu kwa daraja, toka mfalme mpaka mkulima, kisha humfanya mtoto amtiiye babaye kuwa mfano wa raia amtiiye mtawala. Si ajabu wafalme walikipenda. Xuanzong, mfalme wa ukoo wa Tang, alikiandikia maelezo yeye mwenyewe, na mwaka 745 yakachongwa katika mawe. Mtawala akikishangilia kitabu cha adabu za nyumbani kiasi hicho, msomaji na aangalie kwa nini.

Lakini katika Lunyu, kitabu cha mazungumzo ya Confucius na wanafunzi wake, mna jibu moja lililonikamata. Mwanafunzi alimwuliza maana ya xiao. Akajibu kwamba watu wa siku zile walidhani ni kuwalisha wazazi; lakini hata mbwa na farasi hulishwa, na pasipo heshima hapana tofauti baina ya mzazi na mnyama wa zizini. Maneno hayo yana umri wa miaka elfu mbili na zaidi, nayo yanatuhukumu sisi wa leo. Vijana wetu wako Dar es Salaam, Mbeya, na Iringa. Mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa simu, mzee husikia mlio, humwita mjukuu amsomee, na kazi imekwisha. Fedha ile ni njema, wala sitaki msomaji adhani naidharau, maana bila hiyo wazee wengi wasingepata chumvi wala dawa. Ila mwanawe hajapiga hodi mlangoni mwake tangu mavuno ya mwaka juzi. China yenyewe imeliona jambo hili: sheria yao ya wazee iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inawataka watoto wanaokaa mbali waende kuwatazama wazazi wao, au wawasalimu, mara kwa mara. Naiona sheria hiyo kuwa na huzuni ndani yake, kwa kuwa nchi ya Confucius imelazimika kuiandika.

Kitabu cha pili ni hadithi za watoto ishirini na wanne waliowaheshimu wazazi, zilizokusanywa zamani za wafalme wa Kimongoli. Nyingine ni tamu kweli. Yuko Huang Xiang, mtoto mdogo, aliyempepea babaye wakati wa joto na kulala kwanza kitandani mwake wakati wa baridi ili akipashe moto. Mtu wa Njombe aliyeamka mwezi wa Julai na kukuta sakitu majanini hahitaji kufafanuliwa upendo huo. Yuko Zilu, aliyebeba mchele mwendo mrefu kwa ajili ya wazazi huku yeye mwenyewe akila majani ya porini. Walipokufa alipata utajiri, akatamani arudi kuubeba ule mchele, wala hakuweza tena. Yuko pia mtoto aliyejiacha aumwe na mbu usiku kucha ili wasimwume babaye. Huyo simwelewi vizuri, maana mbu akishiba huja mwingine.

Kisha yuko Guo Ju. Alikuwa maskini, ana mama mzee, mke, na mtoto wa miaka mitatu. Bibi yule alikuwa akimmegea mjukuu chakula chake. Guo Ju akaona kwamba mtoto anampunguzia mama riziki. Akamwambia mkewe kwamba mtoto mwingine watazaa, lakini mama mwingine hawatapata, basi wamzike huyu. Mke hakuthubutu kumpinga. Alipochimba shimo akaona dhahabu aliyopewa na Mbingu, na mtoto akapona.

Mwandishi wa Kichina Lu Xun, aliyezaliwa mwaka 1881, alisoma hadithi hiyo utotoni, na mwaka 1926 akaandika jinsi ilivyomtia hofu. Aliogopa babaye asije akawa mtu mwema wa namna ile, na nyumba yao ikawa maskini, kisha yeye mwenyewe akawa wa kuzikwa. Hata bibi yake akaanza kumwona kama adui. Sijaona hukumu ya kitabu iliyo kali kuliko hiyo, nayo imetoka kinywani mwa mtoto. Niliwasimulia wanafunzi wangu hadithi ile, na msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, bibi aliulizwa?” Hakuulizwa. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa chakula chake kwa hiari, na mwanawe akamheshimu kwa kutaka kumwua yule aliyempenda.

Najua baadhi ya wasomaji watamtaja Ibrahimu. Lakini Ibrahimu alikwenda mlimani kwa amri ya Mungu, na Mungu mwenyewe akauzuia mkono wake. Guo Ju hakuamriwa na mtu. Alihesabu vibaba vya chakula tu, akakata shauri. Tena Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba si watoto wanaopasiwa kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kuwawekea watoto.

Jambo hili si la China ya kale tu. Katika uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012, mkoa wa Njombe ulionekana kuwa na maambukizi ya UKIMWI mengi kuliko mikoa yote ya Tanzania, yaani karibu watu 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha kufa, na watoto wakabaki mikononi mwa bibi zao. Huku kwetu bibi aliyetazamia kulishwa na mwanawe alimzika mwanawe, akarudi shambani na jembe, akamegea wajukuu ugali ule ule ambao Guo Ju aliuhesabu. Fundisho la wajibu linalomtazama mzee tu halina neno la kumwambia mama huyu. Anayemdai ni mtoto wa miaka mitatu, naye analipa.

Basi nimerudi kwenye Xiaojing, nikakuta katika sura ya 15 jambo ambalo watunga hadithi walilisahau. Zengzi anauliza kama kumtii baba katika kila neno ndiyo heshima. Confucius anashtuka, anamkemea kwa kuuliza vile, na kusema kwamba baba mwenye mwana wa kumwonya haanguki katika uovu. Baba akikosa, mwana asiyemwonya hajamheshimu. Sura hiyo ingesomwa huku kwetu, ambako mzee huuza shamba la miti ambayo haijakomaa, fedha zikaishia kilabuni kwenye ulanzi, na wanawe watu wazima husimama kimya wakisema kwamba baba hajibiwi. Zengzi naye alidhani hivyo.

Atakayewasomea vijana vitabu hivi namshauri aanze na sura ya 15, kisha jibu lile la mbwa na farasi, kisha Zilu na mchele wake. Hadithi ya Guo Ju asiifiche, maana wataikuta mahali pengine. Aisome pamoja na maneno ya Lu Xun, na amwache yule msichana aulize tena.