Jinsi Rubani Mwanafunzi Anavyojikuta Ndani ya Anga la Songwe

Tuchukue safari ya mfano. Rubani mwanafunzi yuko peke yake ndani ya Cessna 172, juu ya mashamba ya mpunga ya Msangano, kusini magharibi mwa Tanzania, akielekea mji wa Vwawa. Anawezaje kuishia katika anga linaloongozwa na mnara wa Songwe bila kibali?

Huanza na upepo. Kila nyuzi moja ya kupotoka huitoa ndege kwenye njia yake kwa takriban kilomita moja katika kila kilomita 60. Upepo wa ubavuni ukimsukuma nyuzi sita asisahihishe, baada ya dakika 20 hivi yuko kilomita sita nje ya mstari aliouchora.

Akishituka, hutafuta alama kubwa ardhini: barabara kuu ya Tanzania–Zambia na reli ya TAZARA. Akizifuata magharibi atafika Tunduma, na mbele yake ni Nakonde, anga la Zambia. Akizifuata mashariki, zinampeleka moja kwa moja Uwanja wa Ndege wa Songwe, unaopokea ndege za abiria tangu 2012.

Redio nayo ina mipaka. Mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo akiwa chini bondeni, nyanda za juu za Mbozi zinaweza kumziba asisikike mnarani. Rada ya Songwe, mojawapo ya nne za kiraia nchini, inabanwa na kanuni hiyo hiyo. Akipanda hadi asikike, huenda mpaka wa anga la Songwe umeshakaribia.

Madhara ya kuingia anga bila kibali tunayajua. Agosti 31, 1986, Piper ndogo iliingia bila kibali katika anga la Los Angeles, Marekani, ikagongana na ndege ya abiria, DC-9 ya Aeroméxico, juu ya Cerritos. Walikufa watu 67 ndani ya ndege hizo na 15 ardhini. Rubani wa Piper alikuwa na leseni kamili, lakini transponda yake, kifaa kinachoijibu rada, haikutuma kimo, na mwongoza ndege hakuitambua hatari. Baadaye Marekani ililazimisha transponda za kutuma kimo katika anga la namna hiyo, na mitambo ya kuonya mgongano kwenye ndege za abiria.

Kinga ya kwanza hufanyika mezani kabla ya kuruka: chora mpaka wa anga kwenye ramani, kisha weka alama kabla yake ambapo lazima uwe umeshaita mnara na kujibiwa. Usipojibiwa, geuka. Ukipotea, panda kama hali ya hewa inaruhusu, washa transponda, useme wazi kwamba umepotea. Mnara usiposikika, ita kwenye masafa ya dharura, 121.5.

Walimu wa urubani, mfundisheni mwanafunzi kulitamka neno "nimepotea" redioni kabla hamjamruhusu kusafiri peke yake. Mwongoza ndege akijua mapema, anaweza kuzitenganisha ndege nyingine naye.